Kanuni za Msingi za Hisabati kwa Wanafunzi wa Sekondari: Istilahi, Usomaji na Matumizi

kanuni nm [i-/zi-] 1 utaratibu uliowekwa ili ufuatwe. 2 (hisabati) uhusiano wa kudumu baina ya viasi, unaoandikwa kwa alama na herufi ili kukokotoa kiasi kimoja pale vingine vinapojulikana: *kanuni ya eneo la duara, kanuni ya riba.*

Neno hili limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililipokea kutoka Kigiriki, ambako lilitaja fimbo iliyonyooka ya kupimia. Asili hiyo inafaa kukumbukwa, kwa kuwa kanuni ya hisabati ni chombo cha kupimia kabla ya kuwa jambo la kukariri. Sambamba na *kanuni* hutumika *fomula* [i-/zi-], nayo ni sahihi. Lisilo sahihi ni kuita kila usemi wenye alama ya usawa *kanuni*. Usemi 3x + 2 = 14 ni *mlinganyo* [u-/i-], kwani ni kweli kwa thamani moja tu ya x, ilhali kanuni ya eneo la mstatili ni kweli kwa kila mstatili, uwe shamba la Kimamba au ukurasa wa daftari.

Makala haya yanachukua mifano yake katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, pamoja na mji wa Mikumi uliomo wilayani humo. Mwanafunzi wa huko, kama wa sehemu nyingine za Tanzania, husoma hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, utaratibu uliodumu tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha hukutana na somo lilelile kwa Kiingereza katika Kidato cha Kwanza. Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa Kidato cha Nne. Lugha si sababu pekee, lakini mara nyingi kosa hutokea kabla ya hesabu yenyewe kuanza: mwanafunzi anakumbuka kanuni, ila hajui kila herufi inasimama badala ya nini.

Herufi hizo ndizo kizingiti cha kwanza. Shule ya msingi humfundisha kwamba *eneo ni urefu mara upana*, kwa maneno kamili. Sekondari humpa A, V, r, h na t, ambazo ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Kwa msomaji wa Kiswahili hakuna kinachounganisha h na *kimo*, wala r na *nusu kipenyo*. Wapo walimu wanaotunga herufi za Kiswahili, E kwa eneo na K kwa kimo. Jambo hilo linasaidia kwa wiki moja na kumponza mwanafunzi kwa miaka minne, kwa sababu vitabu na mitihani haviandiki hivyo. Lililo bora ni kubakiza herufi za kimataifa na kuandika maana yake kwa Kiswahili chini ya kila kanuni hadi izoeleke.

Kusoma alama kwa sauti

Kanuni isiyoweza kusomwa kwa sauti haifundishiki. Alama = husomwa *ni sawa na*. Katika kutoa, 10 − 3 ni *kumi kutoa tatu*. Ukisema *toa tatu kutoka kumi* umegeuza mpangilio wa maneno lakini hesabu ni ileile. Anayesema *toa kumi kutoka tatu* amepata hasi saba. Katika kugawanya, kihusishi *kwa* hakiachwi: *kumi gawanya kwa mbili*.

Desimali husomwa tarakimu mojamoja baada ya neno *nukta*. Hivyo 3.14 ni *tatu nukta moja nne*. Kusema *tatu nukta kumi na nne* ni kosa linalozaa kosa jingine, kwa kuwa humfanya mwanafunzi aamini kuwa 3.14 ni kubwa kuliko 3.2, kwa vile kumi na nne ni kubwa kuliko mbili.

Maneno mawili yanayochanganywa kuliko yote ni *kipeo* na *kipeuo*. Kipeo ni namba ndogo ya juu inayoonyesha namba imezidishwa yenyewe mara ngapi: 5² ni *tano kipeo cha pili*, yaani 25. Kipeuo ni kinyume chake: √25 ni *kipeuo cha pili cha ishirini na tano*, yaani 5. Kwa kulikumbuka, inatosha kusikiliza ile irabu *u*: kama *fungua* inavyotengua *funga*, ndivyo kipeuo kinavyotengua kipeo. Katika jometri, *kipeo* pia ni ncha ambapo pande mbili za umbo zinakutana. Muktadha ndio huamua.

Utaratibu wa matendo hufundishwa kwa neno maarufu MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kifupisho kizuri, na kina mapengo mawili ambayo hujitokeza sekondari. Kwanza, hakitaji vipeo, navyo hufuata mara baada ya mabano: 2 × 3² ni 18, si 36. Pili, kufuata mpangilio wa herufi zake kama ulivyo hakudhuru katika kugawanya na kuzidisha, lakini hudhuru katika kujumlisha na kutoa. Chukua 10 − 4 + 3. Anayejumlisha kwanza 4 na 3 kisha akatoa hupata 3. Jibu ni 9, maana matendo hayo mawili yana cheo kimoja na hufanywa kwa mfuatano kutoka kushoto kwenda kulia.

Mzingo na eneo

*Mzingo* [u-/i-] ni urefu wa mpaka unaozunguka umbo; neno lina undugu na *zinga* na *zingira*. *Eneo* [li-/ya-] ni ukubwa wa sehemu iliyomo ndani, kutokana na *enea*. Kwa mstatili wenye urefu l na upana w:

Mzingo: P = 2(l + w)
Eneo: A = l × w

Hapa ndipo hisabati ya darasani inapokutana na shamba. Katika sehemu nyingi za Tanzania, Kilosa ikiwamo, ekari hupimwa kwa miguu: hatua 70 kwa hatua 70. Mwenye shamba na anayekodi hutembea pamoja, wanahesabu, wanaweka kigingi. Kipimo hicho si cha kubahatisha. Ekari ni takriban mita za mraba 4,047, na mraba wenye eneo hilo una upande wa takriban mita 63.6. Ukigawanya 63.6 kwa 70 unapata mita 0.91 kwa hatua, ambayo ni hatua ndefu ya mtu mzima anayetembea kwa kujikunjua.

Tuchukulie kuwa anayepima ana hatua ya mita 0.8. Hatua zake 70 ni mita 56, na shamba lote ni 56 × 56, yaani mita za mraba 3,136. Hatua imepungua kwa asilimia 12 tu, lakini shamba limepungua kwa zaidi ya asilimia 22, kwa sababu upungufu umeingia mara mbili, katika urefu na katika upana. Aliyelipia ekari nzima amekosa mita za mraba 911. Hiyo ndiyo maana ya kipeo cha pili katika A = s², na hakuna mchoro ubaoni unaoieleza vizuri zaidi.

Kosa la pili la mashambani ni kulipima eneo kwa mzingo. Shamba la hatua 70 kwa 70 lina mzingo wa hatua 280. Shamba la hatua 100 kwa 40 lina mzingo huohuo wa 280, lakini la kwanza lina hatua za mraba 4,900 na la pili 4,000. Mtu anayedai kuwa mashamba mawili ni sawa kwa kuwa "ukiyazunguka unatumia hatua zilezile" amesema kweli kuhusu mzingo, na amepoteza karibu sehemu moja ya tano ya eneo.

Maumbo mengine ya bapa: eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, A = ½bh; la msambamba ni kitako mara kimo, A = bh; la trapeza ni nusu ya jumla ya pande mbili sambamba mara kimo, A = ½(a + b)h. Katika yote matatu *kimo* ni umbali wa wima kutoka kwenye kitako, si urefu wa upande ulioinama. Shamba lililokatwa na mto au reli kwa mshazari aghalabu huwa trapeza, kwa hiyo kanuni hii ya mwisho inastahili heshima kuliko inayopewa.

Kwa wafasiri: *kilomita za mraba 50* na *mraba wa kilomita 50* si kitu kimoja. Usemi wa kwanza ni eneo la 50 km². Wa pili ni mraba ambao kila upande wake una kilomita 50, yaani 2,500 km². Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina *kilomita za mraba 3,230*. Kama ingekuwa mraba kamili, upande wake ungekuwa √3,230, takriban kilomita 56.8. Vilevile, kubadili vizio vya eneo kunahitaji uangalifu: kilomita 1 ni mita 1,000, lakini kilomita ya mraba 1 ni mita za mraba 1,000,000, au hekta 100. Hivyo Mikumi ni hekta 323,000.

Duara na maumbo yenye ujazo

*Kipenyo* [ki-/vi-] ni mstari unaopenya duara kupitia katikati. *Nusu kipenyo* huandikwa maneno mawili na ndiyo r ya kanuni. Alama π husomwa *pai*.

Mzingo wa duara: C = 2πr
Eneo la duara: A = πr²
Ujazo wa mcheduara: V = πr²h

Jina *mcheduara* limeundwa kwa *mche* na *duara*, kama *mchemraba* na *mche mstatili*, na mwenye kulisikia anaelewa kanuni yake bila kufundishwa: chukua eneo la kitako, lizidishe kwa kimo. Tangi la maji lenye kipenyo cha mita 2 na kimo cha mita 3 lina nusu kipenyo cha mita 1, hivyo ujazo wake ni 3.14 × 1² × 3, yaani mita za ujazo 9.42, sawa na lita 9,420. Mwanafunzi anayeweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo hupata lita 37,680. Makosa ya mara mbili katika r huwa makosa ya mara nne katika jibu. Kwa *pia* (umbo lenye kitako cha duara na ncha moja, mithili ya pia ya watoto) ujazo ni theluthi ya mcheduara wenye kitako na kimo kilekile: V = ⅓πr²h. Ujazo wa *tufe* ni V = 4/3 πr³.

Asilimia

Katika Kiswahili neno hutangulia namba: *asilimia 20*, si *20 asilimia*. Kanuni ya badiliko ni:

Asilimia ya badiliko = (thamani mpya − thamani ya awali) ÷ thamani ya awali × 100

Kilosa ina mfano ulio wazi. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000 baina ya vyuma vyake viwili. Reli ya kisasa ipitayo wilayani humo, ambayo treni zake za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza kazi mwaka 2024, ina milimita 1,435. Ongezeko ni 435 ÷ 1,000 × 100, yaani asilimia 43.5. Lakini ukiuliza reli ya zamani ni nyembamba kuliko mpya kwa asilimia ngapi, jibu si 43.5. Sasa kigawanyo ni 1,435, na jibu ni takriban asilimia 30.3. Tofauti ya milimita ni ileile. Kilichobadilika ni kile kinacholinganishwa nacho. Wahariri wengi wa habari huteleza hapa.

Vihusishi navyo vina uzito. *Upana umeongezeka kwa asilimia 43.5* ni sahihi. *Umeongezeka hadi asilimia 143.5* ya ule wa awali ni sahihi pia. *Umeongezeka hadi asilimia 43.5* ni uongo, maana ingekuwa reli imepungua kuliko nusu. Semi kama *imepungua mara tatu* ziepukwe katika maandishi rasmi. Andika *imepungua hadi theluthi moja* ikiwa ndiyo maana.

Mwendokasi

*Mwendokasi* [u-] ni umbali gawanya kwa muda. Watu husema pia *kasi* na *spidi*. Katika maandishi ya kitaaluma *mwendokasi* unatosha.

v = d ÷ t

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia hukatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na wanyama hugongwa humo mara kwa mara. Kanuni hii inaonyesha dereva anayekimbia anapata nini hasa. Kwa kilomita 100 kwa saa, kipande hicho huchukua dakika 30. Kwa kilomita 70 kwa saa, 50 ÷ 70 ni saa 0.714, takriban dakika 43. Faida ya kukimbia ni dakika 13. Kwa kilomita 50 kwa saa ni saa moja kamili. Angalia kuwa saa 0.714 si dakika 71. Desimali ya saa huzidishwa kwa 60.

Mwendokasi wa wastani hauko katikati ya mwendokasi mbili. Anayekwenda kilomita hizo 50 kwa mwendo wa 50 na kurudi kwa mwendo wa 100 hakusafiri kwa wastani wa 75. Alitembea kilomita 100 kwa muda wa saa 1.5, na wastani wake ni takriban kilomita 66.7 kwa saa. Alikaa kwa muda mrefu zaidi katika mwendo mdogo, na hilo linaonekana katika jibu.

Neno *saa* lenyewe lina mtego. *Treni ilikwenda saa mbili* inaweza kuwa na maana ya muda au ya wakati wa kuondoka. Katika swali la hisabati andika *kwa muda wa saa 2* au *saa 2 asubuhi*. Wingi wa *saa* ni *saa*. *Masaa* halikubaliki katika Kiswahili sanifu.

Riba

I = PRT ÷ 100

I ni riba, P ni kiasi kilichokopwa au kilichowekwa, R ni kiwango cha riba kwa asilimia, T ni muda. Sharti lisiloandikwa katika kanuni ni kwamba R na T vitumie kizio kimoja cha wakati. Vitabu vya shule huchukulia mwaka. Vikundi vya kuweka na kukopa mitaani huhesabu kwa mwezi. Mkopo wa shilingi 200,000 kwa asilimia 5 kwa mwezi, kwa miezi 6, una riba ya 200,000 × 5 × 6 ÷ 100, yaani shilingi 60,000. Mkopo huohuo kwa asilimia 5 kwa mwaka una riba ya shilingi 5,000 kwa nusu mwaka. Mfasiri anayeacha maneno *kwa mwezi* katika mkataba amefuta shilingi 55,000.

Mlinganyo wa kipeo cha pili

Usiitwe "mlinganyo wa kipeuo cha pili". Kwa ax² + bx + c = 0:

x = [−b ± √(b² − 4ac)] ÷ 2a

Usomaji: *x ni sawa na hasi b, jumlisha au toa kipeuo cha pili cha b kipeo cha pili kutoa nne a c, vyote gawanya kwa mbili a*. Neno *vyote* ndilo linalobeba mabano. Mwalimu akiliacha, nusu ya darasa itagawanya kipeuo peke yake na kuiacha hasi b nje.

Mfano: shamba la mstatili lina hatua za mraba 4,000, na urefu wake unazidi upana kwa hatua 30. Upana ukiwa x, urefu ni x + 30, na x(x + 30) = 4,000, yaani x² + 30x − 4,000 = 0. Sehemu iliyo chini ya alama ya kipeuo ni 900 + 16,000 = 16,900, ambayo kipeuo chake cha pili ni 130. Hivyo x = (−30 + 130) ÷ 2 = 50, au x = (−30 − 130) ÷ 2 = −80. Majibu yote mawili yanatosheleza mlinganyo, lakini shamba linakubali moja tu. Upana ni hatua 50, urefu hatua 80. Katika mtihani andika sababu ya kulikataa la pili, usilifute kimyakimya.

Pembetatu mraba, mteremko na takwimu

Kanuni ya Pythagoras, a² + b² = c², inahusu *pembetatu mraba* peke yake; c ni *hipotenusi*, upande unaotazamana na pembe mraba. Fundi anayepima futi 3 upande huu na futi 4 upande ule, kisha akahakikisha kuwa mshazari ni futi 5, anaitumia kusimamisha kona ya msingi wa nyumba, ingawa pengine hajawahi kuisikia ikitajwa kwa jina. Uwiano wa pande katika pembetatu hiyo ndio sini, kosini na tanjenti.

Mteremko wa mstari ni m = (y₂ − y₁) ÷ (x₂ − x₁). Katika lugha ya kila siku *mteremko* ni kushuka tu, na reli inayotoka Kilosa kuelekea Dodoma husemwa inapanda mlima. Katika hisabati neno ni moja kwa hali zote: mteremko chanya hupanda kutoka kushoto kwenda kulia, mteremko hasi hushuka.

*Wastani* ni jumla ya thamani zote gawanya kwa idadi yake. *Namba ya kati* hupatikana baada ya kuzipanga thamani kwa ukubwa, na hatua hiyo ya kupanga ndiyo husahaulika. *Modi* ni thamani inayojitokeza mara nyingi zaidi.

Tazama pia: kokotoa, kizio, namba shufwa, namba witiri, namba tasa.